Extra Golden: Benga ilipokutana na roki

BENGA, muziki uliokulia miongoni mwa Waluo wa mwambao wa Ziwa Victoria, iliwahi kufunga ndoa na roki ya Marekani. Mnamo 2004, Ian Eagleson, aliyekuwa akitafiti benga nchini, na Alex Minoff wa bendi ya Golden waliungana na Otieno Jagwasi wa Extra Solar Africa. Albamu yao iliitwa Ok-Oyot System, yaani si rahisi. Haikuwa rahisi kweli: Jagwasi alifariki 2005, kabla ya albamu hiyo kutoka.

Mnamo 2006, ofisi ya Seneta Barack Obama iliwasaidia Wakenya hao kupata viza, wakamtungia wimbo. Ghasia za uchaguzi zilipozuka, Kisumu ikiteketea, mashabiki wa ng'ambo walizichangia familia zao. Ndiyo asili ya jina la albamu yao ya tatu, Thank You Very Quickly, ya 2009.