Kabla ya Misa, umewapa kuku maji?



Leo naanza na swali dogo. Asubuhi hii, kabla hujafunga mlango na kuwahi Misa ya kwanza, umewapa kuku wako maji? Siulizi kama jana waliwekewa, nauliza leo. Wala siulizi kama kuna chombo bandani, kwa sababu chombo kipo karibu katika kila banda. Nauliza kilichomo ndani yake. Ni maji, au ni tope la juzi lenye kinyesi na majani yaliyooza?

Najua wapo watakaosema, "Padri leo ameishiwa mahubiri." Nivumilieni kidogo. Swali hili liliniuma mimi kwanza kabla sijalileta kwenu.

Mwaka 2012 nilikuwa paroko katika parokia moja ya kanda ya kati, upande wa Singida. Ninyi mnaoishi Dar es Salaam mnawajua kuku wa Singida, maana wanawafikia katika matenga juu ya magari. Huko vigangoni, wakati wa matoleo, mkristo huleta alichonacho: mtama, alizeti, mayai, na mara nyingi kuku aliyefungwa miguu kwa kitambaa au kamba ya katani.

Ilikuwa Dominika ya 26 ya Mwaka B, mwisho wa Septemba, wakati ambapo huko mvua ni habari ya kusubiri na visima vimeanza kutoa matope. Bibi mmoja mjane alileta mtetea mwekundu. Baada ya Misa alinifuata hadi kwenye gari. Akaniambia, "Baba, huyu ameanza kutaga juzi juzi. Mkifika tu, mpeni maji." Nikamshukuru, nikambariki, nikamweka kuku nyuma ya gari.

Nilikuwa na Misa ya pili katika kigango kingine. Baada ya Misa kulikuwa na kikao cha kamati kuhusu mabati ya kanisa, na baada ya kikao kulikuwa na chakula. Nilifika nyumbani saa 12 jioni. Nilipofungua nyuma ya gari nikamkuta yule mtetea amelala ubavu, mdomo wazi, mabawa yameachana na mwili, miguu bado imefungwa. Alikuwa amekufa kwa joto na kiu.

Sasa fungua Biblia yako uone Injili ya Dominika hiyo. Ni Marko sura ya 9, kuanzia mstari wa 38. Humo Bwana anaahidi kwamba anayewapa wafuasi wake kikombe cha maji hatakosa thawabu yake. Nilikuwa nimeihubiri mara mbili siku hiyo, na kwa sauti kubwa.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Wiki tatu baadaye nilirudi kigangoni, na bibi akaniuliza mbele ya watu, "Baba, yule kuku wangu anaendeleaje? Amekwishalalia?" Nikamjibu, "Anaendelea vizuri, Bibi." Nikageuka kumsalimia mtu mwingine.

Ndugu msomaji, tuiache habari hiyo hapo kwanza. Nitairudia.

Tusome Luka sura ya 13. Siku ya Sabato, Yesu anamponya mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Mkuu wa sinagogi anakasirika. Yesu anawauliza swali moja: ni nani kati yao ambaye siku ya Sabato hamfungui ng'ombe au punda wake zizini na kumpeleka kunywa maji? Hawakuwa na jibu, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amefanya hivyo asubuhi ileile.

Angalia vizuri jambo hili. Sheria ya Sabato ilikuwa kali, lakini kumnywesha mnyama halikuwa jambo la kubishaniwa. Mnyama hajui kwamba leo ni siku ya ibada, na kiu haina Dominika. Sisi tunafunga banda saa 12 asubuhi ili vibaka wasiibe, tunakwenda Misa, tunabaki kwenye kikao cha jumuiya, tunapita kwenye sherehe ya kipaimara, tunarudi saa 10 jioni. Kuku wametoka asubuhi na chombo kikavu chini ya bati linalowaka. Nyumbani mwa yule mkuu wa sinagogi, punda alikuwa na Sabato njema kuliko kuku wetu.

Na katika sura hiyohiyo, mstari wa 34, Bwana akiulilia mji wa Yerusalemu, anajifananisha na nani? Anajifananisha na kuku anayekusanya vifaranga vyake chini ya mabawa. Angeweza kuchagua simba au tai. Akamchagua huyu tunayemfukuza jikoni kwa fagio.

Basi tuseme mambo ya banda, maana upendo usiojua kazi hubaki maneno.

Kuku hatoi jasho. Akipata joto hupumua kwa haraka mdomo ukiwa wazi, na kwa njia hiyo hupoteza maji mengi. Kuku mkubwa hunywa karibu robo lita kwa siku ya kawaida, na siku ya jua kali anaweza kufikia nusu lita. Kwa uzito, hunywa karibu mara mbili ya chakula anachokula. Yai lenyewe karibu robo tatu yake ni maji. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba kuku wake wameacha kutaga, kabla hajabadilisha chakula au kumlaumu jirani mwenye kijicho, aangalie chombo cha maji. Kuku aliyekaa na kiu siku nzima hupunguza mayai au huyaacha kabisa kwa siku nyingi.

Maji machafu nayo ni mlango wa magonjwa. Kuku mmoja mwenye mafua akitumbukiza mdomo katika bakuli, wote wanaokunywa baada yake wako hatarini. Kinyesi kikiingia humo hubeba kipindupindu cha kuku, homa ya matumbo ya kuku na ule ugonjwa wa kuharisha damu unaomaliza vifaranga. Tunasema "upepo umepita." Mara nyingine hakuna upepo wowote, ni bakuli.

Si lazima ununue chombo cha dukani. Chukua dumu safi la lita 3 au 5 ambalo halikuwahi kubeba dawa ya mimea wala mafuta ya taa. Toboa tundu dogo ubavuni karibu na kitako, lakini liwe chini ya usawa wa ukingo wa sahani utakayotumia. Simamisha dumu katikati ya sahani pana, ziba tundu, jaza maji, kaza kifuniko vizuri, kisha achia tundu. Maji yatatoka mpaka yalifunike tundu, halafu yatasimama. Kuku wakinywa, hewa itaingia na maji yatatoka tena. Hawawezi kulikanyaga wala kulichafua kama bakuli la wazi.

Weka chombo juu ya matofali, kifike usawa wa mgongo wa kuku, ili wasichakurie maranda ndani yake. Kiweke kivulini, mbali na fito wanazolalia. Maranda yakilowana yaondoe, kwa sababu unyevu ndio unaokuza vijidudu vya kuharisha damu. Kwa vifaranga tumia sahani yenye kina kifupi na weka kokoto safi ndani, wasije wakazama. Kila asubuhi mwaga maji ya jana na usugue chombo kwa brashi na sabuni mpaka ule utelezi utoke, kisha suuza. Usikioshee katika beseni la vyombo vya familia, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Maji yenyewe yawe yale ambayo wewe usingeogopa kuyanywa. Kama ni ya lambo au kisima cha wazi, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe; au yajaze kwenye chupa angavu za plastiki na uzilaze juani kwa saa 6 za jua kali. Na siku ambayo afisa mifugo amekuelekeza kutoa chanjo kwa njia ya maji, usitumie maji yenye klorini, kwa kuwa klorini huiharibu chanjo. Pilipili na mshubiri tunaotia kwenye maji havichukui nafasi ya chanjo ya mdondo.

Hapa nasikia sauti ya mama mmoja: "Padri, maji yenyewe ninanunua kwa ndoo. Watoto wangu waoge nini?" Mama, swali lako ni la haki, na Kanisa halilikwepi. Katekisimu, katika vifungu vya 2416 hadi 2418, inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, tunawajibika kuwatendea kwa wema, na kuwatesa bila sababu kunapingana na heshima ya binadamu mwenyewe. Lakini inasema pia kwamba si vema kutumia kwa ajili yao fedha ambazo kwanza zingepaswa kuondoa taabu ya watu. Naye Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Mtoto wako kwanza.

Hata hivyo tupige hesabu. Kuku 10 kwa siku ya kawaida watatumia karibu lita 3. Hiyo haifiki hata moja ya sita ya dumu la lita 20. Kama huwezi kuzipata lita 3, usifuge 10, fuga 4. Tatizo letu mara nyingi halikuwa uhaba wa maji. Tulitaka mayai bila kutaka kazi. Mithali 12:10 inatupima hapo: mwadilifu huijali hata hali ya mnyama wake. Rebeka, katika Mwanzo 24, aliteka maji kisimani kwa ajili ya ngamia 10 wa mgeni asiyemfahamu, na ngamia mwenye kiu kali anaweza kunywa hata lita 100. Mtumishi wa Ibrahimu hakuhitaji ushahidi mwingine kuhusu tabia ya binti yule.

Na tusiishie kwa kuku, kwa kuwa Yesu hakuishia kwa punda. Alianza na punda ili afike kwa yule mama aliyepinda mgongo. Kama leo kuku wako wamekunywa, je, binti anayekusaidia kazi za nyumbani amekunywa chai, au ameambiwa asubiri mtakaporudi? Yule mzee jirani asiyeweza tena kubeba ndoo, nani amemtekea? Msikitini au kanisani kote tunaweza kupangusa viatu tukaonekana safi. Lakini wale wasioweza kutudai, ndio wanaoonyesha sisi ni nani: mnyama aliyefungwa, mtoto, mgonjwa kitandani, mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa.

Sasa narudi kwa bibi yangu.

Ule uongo ulinikaa kooni. Niliungama. Padri mzee aliyenisikiliza hakunipa sala ndefu. Aliniambia niende nikamwambie ukweli, na niende peke yangu. Nilikwenda siku ya kazi, bila kanzu wala katekista. Nilimkuta uani anaosha chombo cha kuku wake kwa maji aliyokuwa ameyabeba kichwani, kwa mkono wake mwenyewe. Nikamweleza yote: kuku alikufa siku ileile, nami nilimdanganya.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilijua, Baba. Uliponijibu hukunitazama."

Nikatafuta maneno, sikuyapata. Nikataka kumlipa fedha, akakataa. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati chenye maji, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa, Baba. Umetoka mbali na jua hili."

Nilikunywa. Nimepokea kalisi kwa miaka mingi, lakini kikombe kile bado nakikumbuka kwa aibu na kwa shukrani.

Tangu hapo, katika kila kigango nilichohudumia, kuku wa matoleo akishapokelewa hufunguliwa miguu na kuwekwa kwenye tenga kivulini na sahani ya maji, kabla hatujaendelea na wimbo. Mwanzoni vijana wa kwaya walicheka. Baadaye wao wenyewe ndio waliokuwa wanagombea kushika sahani.

Ndugu msomaji, kazi ya wiki hii ni moja. Kesho asubuhi, kabla ya sala zako au mara baada yake, nenda bandani, mwaga maji ya jana, sugua chombo, weka mengine. Ukimaliza, simama uwatazame wanavyokunywa: kuku huinamisha kichwa, huchota kidogo, kisha huinua uso juu ndipo ameze. Wazee wetu walituambia tulipokuwa wadogo kwamba anamshukuru Mungu. Iwe hivyo au isiwe hivyo, wewe mshukuru. Halafu urudi ndani uone ni nani mwingine nyumbani mwako bado ana kiu.

Nawatakia Dominika njema.