Nani Amekipima Kidonge Unachomeza?

Mgonjwa anapopokea dawa dirishani huuliza maswali mawili: ninywe mara ngapi kwa siku, na ninywe kabla ya chakula au baada yake? Ni maswali mazuri. Lakini liko swali la tatu ambalo ni wachache wanaouliza: nani amehakikisha kwamba ndani ya kidonge hiki imo dawa yenyewe, kwa kiasi kilichoandikwa, na kwamba itayeyuka na kuingia katika damu?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Mtoto mwenye malaria kali, au mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hana nafasi ya kungoja dawa ya pili endapo ya kwanza ni hafifu. Mwezi huu tunapenda kuwaeleza habari za watu wanaolishughulikia swali hili, yaani wafamasia, na mahali wanapofundishwa kazi yao.

SHULE YA FAMASIA MUHIMBILI

Hapa Tanzania mafunzo ya shahada ya famasia yalianza mwaka 1974 pale Muhimbili, Dar es Salaam. Wakati huo Muhimbili ilikuwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kinachojitegemea. Mwaka huo huo wa 1974 kilianzishwa pale kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asilia. Siku hizi vipo vyuo vikuu vingine vinavyofundisha famasia, kama vile Chuo Kikuu Katoliki cha Afya kilichopo Bugando, Mwanza, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma.

Watu wengi hudhani kwamba mfamasia ni mtu wa kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha. Sivyo. Mwanafunzi wa shahada husoma miaka minne. Husoma kemia ya dawa, utengenezaji wa vidonge, sirapu na sindano, vijidudu vinavyoweza kuharibu dawa, mimea yenye nguvu ya kutibu, na jinsi mwili unavyoipokea dawa na kuitoa. Kabla ya kumaliza hufanya utafiti wake mwenyewe. Akishahitimu hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, ndipo aandikishwe na Baraza la Famasi.

JINSI KIDONGE KINAVYOPIMWA

Katika maabara ya famasia kidonge hupita katika majaribio kadhaa. Tutaje manne.

Kwanza, uzito. Huchukuliwa vidonge 20 na kupimwa kimoja kimoja. Vikitofautiana mno, maana yake ni kwamba mgonjwa mmoja atapata dawa nyingi na mwingine kidogo.

Pili, uimara. Vidonge hutiwa ndani ya pipa dogo linalozunguka mara 100. Visipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito wao, ama sivyo vitafika zahanati vikiwa unga, baada ya safari ya lori katika barabara zetu.

Tatu, kiasi cha dawa. Kidonge husagwa, huyeyushwa, na mashine hutenganisha dawa na vitu vilivyochanganywa nayo. Hapo huonekana kama miligramu zilizoandikwa juu ya boksi zimo kweli.

Nne, kuyeyuka. Jaribio hili tungependa mlielewe vizuri. Vidonge sita hutiwa kila kimoja katika chombo chake chenye maji maalumu, yenye joto la nyuzi 37, kama joto la mwili wa mtu mzima wa afya. Kasia dogo huyakoroga polepole. Baada ya muda uliowekwa, maji huchotwa na kupimwa: ni kiasi gani cha dawa kimetoka katika kidonge? Kwa vidonge vya SP, kwa mfano, kanuni inataka angalau asilimia 60 ya dawa iwe imeyeyuka ndani ya dakika 30.

Kwa nini jaribio hili ni la maana hivyo? Kwa sababu kidonge kinaweza kuwa na dawa yote inayotakiwa, nacho kisimsaidie mgonjwa. Kikiwa kigumu mno, au kikiwa kimechanganywa vibaya, hupita tumboni na kutoka bila kuiachia dawa yake. Ni kama jiwe la chumvi lisiloyeyuka: limo katika mchuzi, lakini mchuzi hauna ladha.

UTAFITI ULIVYOTUFUNDISHA

Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba mwaka 2001 Serikali iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP. Katika miaka hiyo watafiti wa Muhimbili walikusanya vidonge vya SP na vya amodiakwini vilivyokuwa vikiuzwa na maduka ya jumla Dar es Salaam, wakavipima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baadhi ya vidonge vilishindwa jaribio la kuyeyuka, na SP ilishindwa zaidi kuliko amodiakwini.

Hebu tufikiri maana yake kwetu sisi wa wodini. Mgonjwa alimeza SP, homa haikushuka, akarudi. Sote tulikuwa tayari kusema, "Vimelea vimezoea dawa." Lakini huenda dawa haikufika katika damu kwa kiasi cha kutosha. Tena vimelea vinavyokutana na dawa kidogo kidogo hupata nafasi ya kuizoea upesi. Hivyo kidonge kibovu humdhuru aliyekimeza leo, na huwadhuru wengine kesho. Tangu mwaka 2006 dawa ya mseto imechukua nafasi ya SP katika kutibu malaria isiyo kali, na SP imebaki kuwa kinga kwa mama wajawazito. Funzo lile, hata hivyo, halijapitwa na wakati.

Inafaa pia tutofautishe mambo mawili. Dawa bandia ni ile iliyotengenezwa na mdanganyifu kwa makusudi. Jina la boksi ni la uongo. Dawa duni hutoka katika kiwanda halali, lakini imetengenezwa au imetunzwa vibaya. Macho yetu yanaweza pengine kuitambua ya kwanza. Ya pili mara nyingi hutambuliwa na maabara tu. Ndiyo maana nchi inahitaji watu waliosomea kazi hiyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoanzishwa mwaka 2003, na ambayo tangu 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, huwategemea wataalamu wa namna hiyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua Tanzania kuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu katika usimamizi wa dawa.

JOTO NI ADUI

Shule za famasia huchunguza pia jinsi dawa inavyostahimili hali ya hewa. Vidonge huwekwa miezi sita katika kabati lenye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, kisha hupimwa tena. Vingine hutoka salama. Vingine huwa vigumu au hupoteza nguvu, ingawa kwa macho ni vile vile.

Sasa fikiri juu ya dawa inayowekwa dirishani penye jua, juu ya kabati karibu na bati, au jikoni karibu na moshi na mvuke. Na ziko dawa zinazotaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, ni mojawapo. Ikikaa katika joto hupungua nguvu, na muuguzi anayeichoma haoni tofauti yoyote. Kwa hiyo jokofu la zahanati ni la dawa na chanjo. Si la soda wala nyama.

JE, NA MITI SHAMBA?

Wapo wanaosema kwamba wataalamu wa vyuo huidharau miti shamba. Mfano mmoja unatosha kuwajibu. Mama Tu Youyou wa China alimaliza masomo ya famasia Beijing mwaka 1955. Baadaye yeye na wenzake walichunguza mmea wa atemisia, ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu zamani. Kuuchemsha kuliharibu nguvu yake, lakini walipotumia njia isiyohitaji joto kali walifaulu. Mwaka 1972 walipata dawa yenyewe, artemisinini, iliyo mzazi wa dawa ya mseto tunayotumia leo. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobeli. Mmea ulitoa mwanzo, na maabara ikatoa kipimo. Anayekunywa chai ya atemisia nyumbani hajui amepata dawa kiasi gani, na kwa malaria kutokujua huko ni hatari.

SISI TUFANYE NINI?

1. Nunua dawa katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali. Mafunzo ya wauzaji wa maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003, na leo yapo nchi nzima. Usinunue sokoni, mnadani wala ndani ya basi.

2. Tazama tarehe ya kwisha muda, jina la kiwanda na namba ya toleo. Kidonge kilichobadilika rangi, kilichopasuka au kulainika usikimeze.

3. Usidhani kwamba dawa ya bei nafuu ni mbaya, au ya bei kubwa ni nzuri. Vipimo ndivyo huamua.

4. Weka dawa mahali pakavu, penye kivuli, mbali na watoto. Sirapu ya amoksilini iliyokwisha changanywa na maji isizidi siku 7.

5. Maliza dozi. Dawa ya mseto ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hufuata baada ya saa 8, nayo hunywewa pamoja na chakula au maziwa.

6. Usipopata nafuu, rudi mapema na uje na boksi au karatasi ya dawa. Pasipo boksi hatujui ni kiwanda gani wala toleo gani, na hatuwezi kupeleka taarifa kwa Mamlaka.

Na wazazi wenye vijana wanaopenda kemia na biolojia, msiwavunje moyo kwa kusema kwamba famasia ni kazi ya dukani. Wodi yetu inahitaji daktari na muuguzi, lakini wote wawili wanafanya kazi bure kama dawa iliyomo mkononi mwao haina nguvu. Kijana anayejifunza leo kupima kidonge anaokoa watu ambao hatawaona kamwe.