Bitcoin ya Virunga: nani mwenye ruhusa ya kubadilisha kanuni zake?

Rumangabo, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, inajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kambi ya jeshi iliyotekwa na waasi wa M23 mwaka 2012 na tena mwezi Oktoba 2022. La pili ni makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, pamoja na kituo cha Senkwekwe kinacholea sokwe yatima. Tangu mwaka 2020, viongozi wa hifadhi hiyo wana hesabu nyingine ya kufuatilia, mbali na idadi ya sokwe na watalii: bei ya bitcoin.

Uchimbaji ulianza mwezi Septemba mwaka huo huko Luviro, wilayani Lubero, ambako hifadhi imejenga kituo cha umeme wa maji. Wakati huo mfuko ulikuwa umekauka. Utalii ulisimama mwaka 2018 baada ya watalii kutekwa nyara, ukarudi kwa muda, kisha Korona ikafunga milango tena. Umeme wa Luviro ulikuwa tayari, lakini nyaya za kuufikisha kwa wateja wengi hazijajengwa. Kwa hiyo kompyuta za kuchimba bitcoin ziliwekwa ndani ya makontena karibu na mitambo, zikawa ndizo mteja wa kwanza mkubwa. Mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alieleza baadaye kwamba fedha hizo zilisaidia kulipa mishahara wakati mapato mengine yalikuwa yamekatika.

Wako wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini kompyuta zipate umeme kabla ya nyumba za watu. Lakini kuna swali jingine ambalo halisikiki sana hapa Kivu ya Kaskazini: nani anaandika kanuni ambazo mashine za Luviro zinazitii?

Mfano upo karibu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Aprili 2024, malipo ya kila fungu jipya la bitcoin yalishuka kutoka 6,25 hadi 3,125, dunia nzima kwa wakati mmoja. Hakuna waziri aliyetia sahihi, wala hakuna benki kuu iliyotangaza. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya programu tangu 2009, nayo inasema malipo yapunguzwe nusu kila baada ya mafungu 210.000. Mchimbaji yeyote, wa Luviro au wa Texas, aliamka akiwa na nusu ya malipo aliyokuwa akishindania jana yake.

Programu inayotumiwa na sehemu kubwa ya mtandao huo inaitwa Bitcoin Core. Msimbo wake unakaa katika ghala la wazi kwenye GitHub, ambalo linahifadhi kila badiliko, jina la aliyelileta na siku lilipoingia. Mtu yeyote mwenye simu na mega chache anaweza kulisoma akiwa Birere au Kiwanja. Kuandika ndani yake ni jambo jingine. Ruhusa hiyo inashikwa na watu wachache wanaoitwa watunzaji, na katika miaka ya karibuni idadi yao imekuwa watano au sita hivi.

Mwanzoni ruhusa ilitolewa kirafiki tu. Mwanzilishi, aliyejiita Satoshi Nakamoto na ambaye sura yake haijulikani mpaka leo, aliwaamini watu aliokutana nao kwa barua pepe, akiwemo mwanafunzi mmoja wa Finland, Martti Malmi. Baadaye kazi ikashikwa na Gavin Andresen, na mwaka 2011 Satoshi akanyamaza kabisa. Andresen naye alimkabidhi uongozi Wladimir van der Laan mwaka 2014, lakini akabaki na ufunguo wake.

Ufunguo huo ulidumu hadi Mei 2016. Mwezi huo Craig Wright, raia wa Australia, alijitangaza kuwa yeye ndiye Satoshi, na Andresen akaandika kwamba anamwamini. Wenzake walishtuka, wakahofia kwamba labda mtu ameiba akaunti yake, na siku hiyohiyo wakamwondolea ruhusa. Hakurudishiwa. Mwezi Machi 2024, Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kwamba Wright siye Satoshi.

Woga wao haukuwa wa bure. Mwezi huohuo wa Machi 2024 iligunduliwa hila ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta nyingi za Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amefanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia mtunzaji mmoja aliyechoka, huku akaunti nyingine zisizojulikana zikimsukuma mtunzaji huyo agawe madaraka. Alipopewa ruhusa, aliingiza mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake kulichelewa kwa nusu sekunde hivi.

Kwa hiyo leo njia ya kufikia ufunguo wa Bitcoin Core ni ndefu. Haiombwi kwa barua, na diploma haitoshi. Mgeni ananakili msimbo, anarekebisha kwake, kisha anatuma pendekezo. Wengine wanalisoma hadharani, mara nyingine kwa miezi. Anayekubali anaandika ACK, anayekataa anaandika NACK, naye anatakiwa kutoa sababu. Mtunzaji ndiye anayeliingiza, akitia sahihi kwa ufunguo wake wa kidijitali. Toleo jipya likiwa tayari, watu mbalimbali wanalijenga kila mmoja kwenye kompyuta yake na kulinganisha matokeo, ili mtu mmoja asiweze kupenyeza kitu kimyakimya. Gloria Zhao, aliyesoma Berkeley huko Marekani, alianza kuchangia mwaka 2020 na akawa mtunzaji mwaka 2022. Hiyo ni haraka, naye alilipwa kufanya kazi hiyo.

Hapo ndipo kijana wa Goma anakwama. Mlango wa kuchangia uko wazi, lakini anayengoja nje anahitaji umeme wa kila siku, Kiingereza cha kujibu hoja, na mtu wa kumlisha wakati anasoma msimbo wa wengine bila malipo. Mfuko wa Btrust, uliotangazwa mwaka 2021 na Jack Dorsey na mwanamuziki Jay-Z kwa bitcoin 500, uliwalenga kwanza watengenezaji wa Afrika na India. Mmoja wa wajumbe wa bodi yake ya kwanza ni Abubakar Nur Khalil wa Nigeria, ambaye mwenyewe amechangia Bitcoin Core.

Hata watunzaji hawawezi kuamuru kila kitu. Wakiingiza kanuni mbaya, wenye kompyuta za mtandao wanaweza kukataa toleo hilo na kubaki na la zamani. Na sehemu kubwa ya kazi haihitaji ufunguo wowote: kupima, kutafuta makosa, kutafsiri, na hasa kusoma mapendekezo ya wengine. Mamia ya mapendekezo yanasubiri msomaji.

Punguzo linalofuata linatarajiwa mwaka 2028. Malipo ya kila fungu yatashuka hadi 1,5625, kama makontena ya Luviro yatakuwa bado yananguruma.