Meru Tuanzie Ziwani

Arusha hatuna bahari. Mkazi wa mjini anayetamani kutembea ufuoni kutwa nzima, mahali pasipo na vibanda wala muziki, ana maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unashika barabara ya Moshi, unakata kushoto ukifika pande za Usa River, unapita Ngurdoto, na baada ya msitu maji yanajitokeza yenyewe.

Tatizo ni kwamba wengi wanaofika lango la Momella, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huyapa maziwa hayo kisogo. Macho yao yako kwenye kilele cha Meru, mita 4,562, na miguu inafuata macho. Anayeniomba ushauri wa matembezi ya siku moja huwa namwambia aanzie ziwani asubuhi, aingie ndani ya kreta mchana, arudi langoni kabla jua halijazama. Mkiwa na askari wa hifadhi na bunduki yake, bila shaka. Nyati wa Momella hawana mzaha.

Sababu ya kuanzia ziwani si heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, ingawa wanapendeza. Tazama vilima vidogo vidogo vilivyozunguka maji, kama vichuguu vya mchwa wa ajabu. Kila kimoja ni kipande cha Mlima Meru.

Zamani mlima huu ulikuwa pia na ukuta upande wa mashariki. Miaka ipatayo 8,000 iliyopita ukuta huo ulimeguka. Mlima wa volkano hujijenga kwa kurundika lava na majivu, tabaka juu ya tabaka, na matabaka hayo hayashikani kama zege. Maji na gesi za moto huyalegeza kutoka ndani, mteremko unazidi kuwa mkali, mpaka siku ubavu mzima unashuka. Wanasayansi walilishuhudia jambo la namna hii tarehe 18 Mei 1980, pale mlima St. Helens wa Marekani ulipoporomoka upande mmoja. Kwa Meru, mawe na tope vilikimbia kuelekea Kilimanjaro, vikatandaza kifusi juu ya nchi pana. Mabonde yaliyobaki katikati ya kifusi yakajaa maji. Ndiyo Momella.

Sasa chovya kidole. Maji yanateleza kama ya sabuni: ni magadi, ndugu wa yale tunayotia kwenye maharage. Huingia kwa chini ya ardhi na hayana mto wa kutokea, kwa hiyo jua huchukua maji na kuacha chumvi. Mwani wa kila ziwa ni tofauti, ndiyo maana Momella Kubwa na Momella Ndogo zimepakana lakini rangi zake hazilingani. Miamba ile ile hutoa pia floraidi kwa wingi. Kwa kawaida chokaa iliyomo majini huikamata floraidi ikatuama, lakini miamba ya Meru ina chokaa kidogo, basi floraidi inabaki huru, mpaka kwenye visima na chemchemi za vijijini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi kuzunguka mlima huu vimekivuka. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huku, ambayo wenzetu wa mikoa mingine huyatania, yametoka ndani ya mlima. Hayakutokana na uvivu wa kupiga mswaki.

Kutoka ziwani mnavuka mto Ngare Nanyuki na uwanda wa nyati na twiga, kisha mnaingia msituni kwa njia ndefu, ile inayopita chini ya mtini uliojipinda kama lango. Mbega wako juu yenu, mikia myeupe ikining'inia. Mitarakwa inaanza, imefuga ndevu za kijivu. Sehemu hii isiharakishwe. Mwinuko ni wa taratibu na pumzi inatosha kwa mazungumzo.

Halafu msitu unafunguka na mko ndani ya mlima. Mbele yenu ukuta uliobaki umesimama wima kama mita 1,500, na kifuani pake kimekaa kilima cha majivu, cheusi, kilichoota baada ya maporomoko. Kilitoa majivu kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Meru umelala, haujafa. Kuleni chakula hapo, mgongo ukiwa ukutani na uso mashariki. Upande huo hakuna kitu, ni anga tu, na chini kabisa, kukiwa hakuna mawingu, Momella inametameta. Yale mliyoyakanyaga asubuhi ndiyo yaliyokuwa yakiziba anga hiyo.

Kuteremka, njia fupi ndiyo ya haraka, ila haina huruma kwa magoti. Miezi ya Machi hadi Mei msiijaribu kabisa: masika yanaigeuza kuwa utelezi. Na maji ya kunywa bebeni ya kutosha kutoka nyumbani, hata kama kijito cha njiani kinaonekana safi namna gani.