Usipoziba Ufa: Nani Azilinde Fedha za Kuzuia Ukatili?

MTU asikiapo neno "bajeti" aghalabu hufikiri juu ya bei ya sukari, nauli ya basi na kodi ikatwayo katika mshahara wake. Ni nadra afikiri juu ya mtoto wa jirani aliaye usiku, au juu ya mama afikaye kiwandani asubuhi amejitanda kanga hadi usoni ili uvimbe usionekane. Hata hivyo mambo hayo yana uhusiano wa karibu. Kila mwaka, ndani ya vitabu vinene vya makadirio ya Serikali, zimo shilingi zilizotengwa ili mtoto yule asiumizwe na mama yule asipigwe. Swali ni hili: shilingi hizo hupita wapi, hufika lini, na ni nani azihesabuye?

Swali hili si la wachumi peke yao. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 1998 hadi leo umekuwa mwingi, lakini ulioshtua wengi ni ule wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nao uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikie umri wa miaka 15. Hayo si mambo ya watu wa mbali. Ni mambo ya nyumba zetu, vyumba vyetu vya kupanga, na madarasa wasomamo watoto wetu.

UFA NA UKUTA

Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuuchukue usemi huo kama fundisho la hesabu. Mama mmoja apigwapo na kuumia, gharama huanza kutembea. Huanzia kituo cha polisi, ambako hupewa fomu ya PF3. Huenda hospitali, ambako daktari hutumia saa yake, dawa na uzi wa kushonea. Hurudi kwa mpelelezi, hupita kwa mwendesha mashtaka, hufika kwa hakimu, na pengine huishia gerezani, ambako mfungwa hulishwa kwa fedha za umma. Kwa upande wa familia, mama hupoteza siku za kazi, nauli hutoka kila kesi inapoahirishwa, na mtoto mkubwa huacha shule ili awaangalie wadogo zake. Huo ndio ukuta. Nani asiyeona kuwa ufa ulikuwa rahisi zaidi?

Lakini fedha za kuzuia zina udhaifu mmoja mkubwa: kazi yake njema haionekani. Hospitali ikijengwa, kiongozi hukata utepe na picha hupigwa. Hakuna utepe ukatwao kwa ajili ya kipigo ambacho hakikutokea. Kwa sababu hiyo, fedha zinapokuwa haba, kifungu cha kuzuia ukatili huwa miongoni mwa vya kwanza kupunguzwa, wala hakuna aandamanaye kulalamika. Mtoto aliyeokoka hajui kuwa aliokolewa. Na yule ambaye hakuokolewa hana sauti katika kikao cha bajeti.

MIFUKO MINGI, MTU MMOJA

Udhaifu wa pili ni kwamba fedha hizi hazikai katika mfuko mmoja. Dawati la Jinsia na Watoto liko chini ya polisi, na madawati hayo yamefikia zaidi ya 400 nchini. Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo aliyeumizwa hupata daktari, polisi na ushauri mahali pamoja, kimo hospitalini. Afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa halmashauri. Mwalimu wa malezi yuko shuleni, na hakimu yuko mahakamani. Kila mmoja ana fungu lake, mhasibu wake na mkubwa wake. Aliyeumizwa ni mtu mmoja, lakini fedha za kumhudumia hutoka mifuko mingi, na mfuko mmoja ukiwa mtupu mnyororo wote hukatika. Daktari awepo bila mpelelezi, kesi hufa. Mpelelezi awepo bila mafuta ya gari, shahidi hafikiwi.

Ndiyo maana Serikali ilitunga Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ujulikanao kwa kifupi kama MTAKUWWA. Mpango huo ulizinduliwa Desemba 2016, ukaunganisha mipango minane iliyokuwa imetawanyika, na ukapangiwa kutekelezwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 hadi 2021/22. Lengo lake lilikuwa kupunguza ukatili kwa nusu. Gharama yake ilikadiriwa kuwa shilingi bilioni 267.4 kwa miaka mitano. Awamu yake ya pili imepangwa kwa kipindi cha 2024/25 hadi 2028/29.

Bilioni 267.4 ni tarakimu ya kutisha masikioni. Tuigawe. Kwa mwaka mmoja ni kiasi cha shilingi bilioni 53.5. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61.7. Basi kwa kila mtu ni pungufu ya shilingi 900 kwa mwaka mzima. Noti moja ya shilingi elfu, tena chenji inabaki.

MAKADIRIO SI FEDHA

Yafaa ieleweke kwamba kuna tarakimu tatu ambazo msomaji asizichanganye. Ya kwanza ni makadirio, yaani kile ambacho mpango unasema kingehitajika. Ya pili ni kiasi kilichoidhinishwa na Bunge. Ya tatu ni kile kilichotolewa na Hazina hata kikafika kwenye akaunti ya mtumiaji. Kila mama mwenye nyumba anaifahamu tofauti hii. Mwanzo wa mwezi huandika katika karatasi: unga, mkaa, ada, kodi ya chumba. Hayo ni makadirio. Mumewe huahidi kiasi fulani. Kinachotua mkononi mwake tarehe 28 ni kitu kingine kabisa, na watoto hawali karatasi.

Wakati wa kufika fedha nao una uzito wake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Fedha za kuwafundisha wazazi malezi bora, au za kuwatembelea watoto walio katika hatari, zikifika mwezi Mei, mtumishi hana nafasi ya kufanya kazi ambayo ingehitaji mwaka mzima. Atafanya nini? Atatafuta matumizi ya haraka: semina, chai, posho, fulana na mabango. Mwisho wa mwaka vitabu vitaonyesha kuwa fedha zimetumika zote, na stakabadhi zote zipo. Lakini ugomvi wa nyumbani hauzimwi kwa fulana. Kazi ya kuzuia ukatili ni kama kumwagilia mche: maji kidogo kila siku humea, pipa zima siku moja huoza mizizi.

FUNDISHO LA ASILIMIA KUMI

Eneo la kwanza kati ya maeneo manane ya MTAKUWWA ni kuimarisha uchumi wa kaya. Sababu yake ni wazi. Mama asiye na senti yake mwenyewe hulazimika kuvumilia mkono wa mtu amlishaye. Fedha peke yake haileti amani, kwani wapo waume ambao huanza ugomvi pale mke anapopata chake. Ndiyo maana mpango huo unataja pia mila, desturi na malezi. Lakini bila kipato, mlango wa kutokea haupo.

Katika jambo hili sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha za ushuru wa soko na leseni za biashara, yaani jasho la wananchi wenyewe.

Ukaguzi ulifichua mambo ya kusikitisha. Vilionekana vikundi hewa, yaani majina yasiyo na watu, na mikopo mingi ambayo haikurejeshwa. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili utengenezwe utaratibu mpya, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Hatua ya kusimamisha ilikuwa na sababu. Lakini tumtazame mama wa kikundi cha kweli, aliyerejesha mkopo wa kwanza kwa uaminifu na aliyekuwa akingojea wa pili ili anunue cherehani. Yeye hakuiba kitu, lakini alingoja pamoja na wezi. Fedha za umma zikiliwa, wa kwanza kuadhibiwa huwa yule zilizokusudiwa kumsaidia.

YALIYOTOKEA CHICAGO

Tusidhani kuwa kadhia hii ni ya nchi maskini pekee. Mwaka 2010, katika jimbo la Illinois huko Marekani, Gavana Pat Quinn alitangaza mpango wa kupunguza mauaji na ghasia katika vitongoji vya Chicago na miji ya jirani. Tangazo lilitolewa Oktoba, na uchaguzi wa ugavana ulikuwa Novemba. Mpango uligharimu kiasi cha dola milioni 54.5. Vijana waliajiriwa kwa muda, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kugawa vipeperushi na kushiriki gwaride.

Februari 2014 Mkaguzi Mkuu wa jimbo hilo, William Holland, alitoa taarifa yake. Aligundua kuwa mpango ulianzishwa kwa pupa, usimamizi wake ulikuwa na kasoro kila upande, na matumizi mengi hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Zaidi ya hayo, kati ya vitongoji 20 vya Chicago vilivyokuwa na ghasia nyingi kuliko vyote, 7 havikupewa kitu. Gavana alikana kwamba mpango ulikuwa wa kutafutia kura, wala hakushtakiwa mahakamani. Lakini mamlaka iliyousimamia ilikwisha kufutwa na kazi zake kupewa idara nyingine, naye alishindwa katika uchaguzi wa Novemba 2014.

Fundisho ni hili. Fedha za kuzuia ukatili ni rahisi kupotea kuliko fedha za daraja, kwa sababu daraja lisipojengwa kila mtu ataona mto. Kwa hiyo zinahitaji masharti makali zaidi tangu mwanzo: nani apewe, kwa kipimo gani, na atoe ushahidi gani kabla ya kupewa tena.

STAKABADHI SAFI, MTOTO BADO ANALIA

Hapa kwetu Katiba, katika ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Taarifa yake humfikia Rais ifikapo Machi 31, kisha hupelekwa Bungeni, ambako kamati za hesabu huwahoji watendaji. Huo ni ulinzi mkubwa. Hata hivyo taarifa hutoka miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kwisha. Aliyeumizwa Agosti hawezi kumngoja mkaguzi wa Machi ya mwaka wa pili.

Tena si kila hesabu safi ni kazi njema. Mkaguzi hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, ambao huuliza kama fedha zimeleta kile kilichokusudiwa. Hilo ndilo swali kubwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake waliokwisha kupigwa au kuumizwa tangu umri wa miaka 15 walikuwa asilimia 27, kutoka zile 40 za 2015/16. Ni nafuu ya karibu theluthi moja, na ni jambo la kushukuru, ingawa haifiki nusu. Lakini ni shilingi ipi iliyoleta nafuu hiyo? Ya madawati, ya shule, au ya mikopo? Pasipo kuweka kumbukumbu za kazi pamoja na kumbukumbu za fedha, hatuwezi kujua tuongeze wapi na tupunguze wapi.

MASWALI MANNE

Mpango umeweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Hapo ndipo mfanyakazi na familia yake wanapoweza kushika mlango. Katika mkutano wa mtaa, baada ya habari za taka na maji, mwananchi na asimame aulize kwa adabu maswali manne. Kamati yetu ilitengewa kiasi gani mwaka huu? Kilifika kiasi gani, na mwezi gani? Kilifanya kazi gani, kwa nani? Na tangu hapo, ni nini kilichobadilika katika mtaa huu?

Mwenyekiti asipokuwa na majibu, swali liandikwe katika muhtasari na lipelekwe kwa diwani, maana diwani ndiye apitishaye bajeti ya halmashauri. Wala mtu asingoje kikao iwapo mtoto yu hatarini sasa: simu namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Ndugu msomaji, shilingi 900 kwa mwaka si nyingi. Lakini zikikusanywa kwa haki, zikatolewa kwa wakati na zikahesabiwa mbele ya wenyewe, zinaweza kumlaza mtoto wa jirani usingizi wa amani. Zikiachwa bila mlinzi, tutazilipa mara ya pili, hospitalini, mahakamani na makaburini.