Kijana, Simu na Daftari la Wapigakura

Aprili 2023, wakazi wa Kampala walijaza picha za mashimo ya barabara zao kwenye Twitter, wakiitikia wito wa Jimmy Spire Ssentongo, mchoraji katuni na mhadhiri. Haukupita muda, Rais Yoweri Museveni akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo ya jiji. Nguvu ya kampeni hiyo ilikuwa ushahidi: shimo linaonekana, barabara inatajwa, na mamlaka ya jiji, KCCA, inaulizwa kazi yake. Aliyepiga picha alijua anamdai nani, na anamdai nini. Ujuzi wa namna hiyo ndio vijana wanaouhitaji kwenye uchaguzi, kwa kuwa wingi wa wafuasi mtandaoni hauhesabiwi kituoni. Uandikishaji kwa ajili ya uchaguzi wa Januari 14, 2021 ulifungwa Desemba 2019, zaidi ya mwaka mzima kabla. Waliotimiza miaka 18 baada ya hapo hawakupata nafasi ya kupiga kura, hata kama walifuatilia kampeni usiku na mchana. Aidha, Ibara ya 68 ya Katiba inataka kura zihesabiwe palepale kituoni, na mawakala wa wagombea watie saini fomu ya matokeo na kubaki na nakala. Anayelijua hilo ana kipimo cha kupimia tarakimu zinazozagaa mtandaoni. Asiyelijua huchukuliwa na kila uvumi.

Wapo watakaouliza: elimu hiyo ina faida gani ikiwa serikali inaweza kuzima intaneti, kama ilivyofanya kwa siku kadhaa kuanzia mkesha wa uchaguzi wa 2021? Swali ni la haki, na kuzima mtandao ni kumnyima raia haki ya kupata habari. Lakini kijana ambaye siasa yake yote imo ndani ya simu ndiye anayepooza kabisa mtandao unapokatika. Anayekijua kituo chake, anayeshuhudia kura zikihesabiwa na kuiona fomu ikitiwa saini, bado ana la kufanya. Na kwa wanaosema kura haibadilishi chochote, jibu ni kwamba kukaa kando hakumwondoi kiongozi yeyote madarakani. Kunamwachia tu aamue bila kuulizwa. Kwa hiyo shule, redio na vyama viwafikie vijana wakiwa na miaka 16 na 17, viwafundishe kuandikishwa, kukagua majina yao na kusoma fomu ya matokeo, kabla daftari halijafungwa.