Mbwa mzee akikataa chakula, si lazima awe anadeka

Sahani inawekwa pale pale, karibu na mlango wa jikoni, saa ile ile ya jioni. Ni ugali, mchuzi uliobaki mchana na vipande viwili vya nyama vya kumbembeleza. Mbwa anainuka taratibu, ananusa, anaokota kipande kimoja, anakiangusha, kisha anarudi kulala. Baba anasema ameanza kuringa. Mama anasema ni uzee tu. Mtoto, ambaye alizaliwa akamkuta mbwa huyo nyumbani, hasemi kitu, lakini baadaye anampelekea kipande chake cha mkate kwa siri.

Hali hii inazikuta familia nyingi zenye mbwa aliyelinda geti kwa miaka mingi. Kukonda huja polepole na manyoya huficha mwili, hivyo watu hushtuka siku wanapompapasa na kukuta mbavu zinahesabika. Mbwa mzee aliyekonda anaweza kurudisha mwili, lakini kwanza ijulikane kwa nini hali.

Anza na mdomo

Mbwa anayekwenda kwenye sahani, akanusa, akajaribu na kuacha, mara nyingi hamu anayo ila anaumwa mdomo. Meno ya mbwa wazee hujaa ugaga, fizi huvimba na meno mengine hulegea. Dalili ni harufu kali ya mdomo, kutafuna upande mmoja, kuangusha chakula au mate yenye damu. Familia inamwita mchaguzi, kumbe ana njaa.

Tahadhari moja ni kubwa. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla asishikwe mdomo na mtu yeyote, hata kama ni mpole. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Watoto waondolewe na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mdomo ukiwa salama, bado kuna sababu nyingine. Minyoo hukondesha. Magonjwa yanayoenezwa na kupe huondoa hamu ya kula na kufanya fizi ziwe nyeupe. Mbwa anayekunywa maji mengi na kukojoa sana anaweza kuwa na tatizo la figo au kisukari. Ndiyo maana vipimo vinatangulia mabadiliko ya chakula: lishe ya nyama nyingi inayomfaa mbwa mmoja inaweza kumdhuru mwenye figo dhaifu.

Asipewe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen, diclofenac na paracetamol zinaweza kumuua.

Pima, usikisie

Mizani ya bafuni inatosha. Mtu mzima anapanda peke yake, anasoma uzito, kisha anapanda akiwa amembeba mbwa. Tofauti ndiyo uzito wa mbwa. Asiyebebeka apimwe kliniki. Mbwa wa kilo 20 aliyefika kilo 18 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake. Ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7 bila kukusudia, jambo ambalo hakuna familia ingeliita uzee tu.

Uzito uandikwe kila wiki, siku ile ile.

Kinachojenga mwili

Ugali mtupu, hasa wa pumba, hujaza tumbo lakini haurudishi misuli. Mbwa mzee anahitaji protini, na si lazima iwe ghali. Kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, firigisi, yai la kuchemsha, samaki aliyetolewa miiba na dagaa waliosagwa vyote vinafaa. Dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi walowekwe na kuoshwa kwanza. Maini yana harufu inayovuta, ila yawe kidogo tu, si mlo wa kila siku.

Changanya na wali laini, viazi vitamu au boga. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia huongeza nguvu, lakini mafuta mengi huleta kuharisha na yanaweza kuumiza kongosho. Anayekula chakula kikavu cha dukani alowekewe kwa maji ya uvuguvugu hadi kilainike.

Mabadiliko yafanywe kwa wiki nzima: robo ya chakula kipya siku mbili za mwanzo, kisha nusu, kisha robo tatu. Aliyekonda sana, au ambaye hajala kwa siku kadhaa, asijazwe chakula kwa mkupuo. Huyo aanze chini ya uangalizi wa daktari. Na kama mapishi ya nyumbani yatakuwa mlo wake wa kudumu, daktari aulizwe kuhusu kalsiamu na vitamini, kwa sababu nyama na wali pekee havitoshelezi.

Namna ya kumwandalia

Uzee hupunguza uwezo wa kunusa, na mbwa huanza kula kwa pua. Chakula cha uvuguvugu hutoa harufu zaidi kuliko kilichopoa. Supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, ikimwagiwa juu, husaidia sana.

Badala ya sahani moja kubwa jioni, apewe milo midogo mitatu au minne kwa siku. Sahani ikae dakika 20 hadi 30, kisha iondolewe. Kubadilisha chakula kila anapogeuza uso humfundisha kwamba akikataa wali ataletewa nyama. Mwenye maumivu ya shingo au viungo huinama kwa shida, hivyo sahani iwekwe juu ya tofali au kigoda kifupi. Kama kuna mbwa wadogo nyumbani, mzee ale peke yake, kwani wengi huacha chakula kwa kuogopa kunyang'anywa.

Visivyofaa kabisa

Vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu, karanga za makadamia na pombe visimkaribie. Makombo ya pilau au mchuzi yana vitunguu hata kama havionekani. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Kazi ya watoto

Mtoto anaweza kuosha sahani, kubadilisha maji na kuandika uzito kwenye kalenda. Asimlishe kwa mkono wala kumsogelea anapokula, maana mbwa mwenye maumivu anaweza kung'ata hata anayempenda. Vipande vya siri navyo vikome. Mkate na biskuti humjaza bila kumjenga, na wazazi hushindwa kujua amekula nini.

Asiharakishwe. Wiki ya kwanza mizani inaweza isisogee. Ikipita wiki mbili bila mabadiliko, arudishwe kwa daktari. Asipokula kabisa kwa saa 24, akitapika mara kwa mara, akiharisha damu, tumbo likivimba, au fizi zikiwa nyeupe au za njano, asisubiri hata kesho.

Wapo wasiorudi katika hali ya zamani, kwa sababu ugonjwa umeshakwenda mbali. Mtoto aambiwe ukweli huo kwa lugha ya umri wake, asidanganywe kwamba mbwa amepelekwa shamba. Lakini wengi hukonda kwa jino bovu, minyoo au chakula kisichowafaa, na hayo yanatibika. Kwa hao, kazi huanza na mtu mmoja nyumbani kuacha kusema "anaringa" na kumpeleka kwa daktari.